Boti ya spidi haitulii majini: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Haya maswali naulizwa karibu kila wiki, mengine mtu ananipigia simu yuko katikati ya bahari, mengine yanakuja kwa voisi ya dakika nne ambayo nusu yake ni upepo tupu. Nimeyakusanya hapa nisiwe narudia. Nazungumzia boti za faiba za futi 16 mpaka 25 hivi zenye mashine kubwa ya nje, zile za uvuvi wa michezo, za kupeleka wageni visiwani na za vijana wanaopenda kukimbia tu. Dau lenye mashine ya HP 15 lina mambo yake, silo hili. Nikisema mashine ni ya nje, nikisema propela ni rafadha, na nikisema trimu ni ile swichi ya kuinamisha mashine ikiwa inafanya kazi: trimu ndani mashine inasogea karibu na boti na omo (mbele ya boti) inashuka, trimu nje inasogea mbali na omo inapanda.

Fundi, boti yangu haitulii, shida ni mashine au boti yenyewe?

Mashine inasingiziwa sana. Mtu boti ikiyumba tu anaanza kufungua plagi, anabadilisha propela, anamtukana aliyemuuzia. Mashine inasukuma tu, ila namna boti inavyokaa juu ya maji inaamuliwa na uzito umekaa wapi, chini ya boti pakoje, usukani una mchezo kiasi gani, mashine imefungwa juu kiasi gani, halafu ndio propela. Mimi naangalia kwa mpangilio huohuo kwa sababu moja tu, vya mwanzo ni bure na vya mwisho ni pesa.

Na kitu kimoja kwa wakati mmoja, tafadhali. Kuna mteja alikuja amepandisha mashine tundu moja la bolti, ameweka propela mpya, amehamisha betri mbele, vyote siku moja, boti ikawa mbaya zaidi na hajui kipi kimeiharibu. Tulirudisha kila kitu kama kilivyokuwa tukaanza upya, siku nzima imekwenda hivyo.

Omo inapanda inashuka, inapanda inashuka, kama pomboo. Nifanyeje?

Kwanza rudisha trimu ndani kidogo. Ikiacha, basi ulikuwa umeitoa nje kupita kiasi kwa spidi ile na huna ugonjwa wowote, jifunze tu trimu. Kila spidi ina trimu yake, ukishusha spidi na trimu urudishe ndani, watu wengi hapo ndipo wanaposahau.

Kama inaruka hata trimu ikiwa ndani kabisa au katikati, hapo kuna neno. Kinachotokea ni kwamba nyuma ya boti haina nguvu ya kutosha kubeba uzito uliopo nyuma, kwa hiyo omo inanyanyuka mpaka inashindwa kukaa juu, inaanguka, inanyanyuka tena. Angalia nini kiko nyuma. Betri mbili, tangi la mafuta, kasha la barafu limejaa, nanga ya akiba, na abiria wanaopenda kukaa nyuma kwa sababu mbele panarusha. Petroli lita 200 ni kama kilo 150, hapo ni sawa na watu wawili wazima wamekaa juu ya tezi (nyuma kabisa ya boti). Halafu wengi siku hizi wametoa mashine ya stroki mbili wameweka ya stroki nne ya HP ileile, haina moshi, inakula kidogo, lakini mara nyingi ni nzito zaidi, na boti yenyewe ilichorwa enzi za mashine nyepesi.

Jaribio la bure: chukua watu wawili waliokaa nyuma waambie wasogee mbele ukiwa unaenda spidi ileile (washike vizuri). Ikitulia, umeshapata jibu lako bila kutoa shilingi. Hamisha betri, hamisha barafu. Ikiwa haitulii hata kidogo soma maswali mawili yanayofuata.

Boti imekuwa nzito siku hizi, haipandi juu ya maji kama zamani, ila ndani naona pakavu?

Pakavu pale unapopaona. Boti nyingi za faiba zina sakafu, na chini ya sakafu kuna nafasi, nyingine zimejazwa povu la kuelea. Maji yanaingia taratibu kupitia skrubu za viti, tundu za transdyusa (kile kifaa cha kupimia kina), ufa mdogo kwenye kona ya tezi, na yakiingia kwenye povu hayatoki, yanakaa humo kama kwenye sponji.

Nilishaletewa boti ya futi 23 yenye mashine ya HP 200, mwenyewe ameshanunua propela mbili tofauti kwa sababu aliambiwa pichi (umbali ambao propela ingesogea kwa mzunguko mmoja, kwa inchi) ndio mbaya. Boti inajivuta, inaruka kama chura, ukikata kona inalala upande na inachelewa kuinuka. Niliinua omo yake kwenye trela, nikafungua kifuniko cha ukaguzi kule nyuma ambacho skrubu zake zilikuwa zimeoza hata bisibisi haishiki, ikabidi nitoboe vichwa vyake kwa drili. Kifuniko kilipotoka maji yakaanza kutoka yenyewe, meusi, yananuka mafuta na kamba waliooza. Tuliweka ndoo ya lita 20 na tulibadilisha ndoo mara nane kabla hayajapungua. Maji ya bahari lita 100 ni kilo 103 hivi, piga hesabu mwenyewe. Na ubaya wa maji kuliko mzigo mwingine ni kwamba hayakai mahali, ukipiga mafuta yanakimbilia nyuma, ukipunguza yanakuja mbele, ukikata kona yanamwagikia upande ulioinama na kuuzidishia. Wazee wa majahazi walikuwa hawaachi ngama, pale maji yanapojikusanya chini ya chombo, ijae bila kufua, yaani kuyachota, walijua wanachofanya. Zile propela mbili zilikuwa nzima kabisa.

Namna ya kupima bila kutoboa: boti ikiwa imetulia majini haina watu, tazama mstari wa uchafu uliojichora ubavuni. Kama zamani ulikuwa juu ya maji kwa upana wa kiganja na sasa umezama, uzito umeongezeka, na wewe hujaongeza kitu. Ukiwa nchi kavu gonga sakafu na tezi kwa mpini wa bisibisi, panapolia "ko" ni pazima, panapolia "bu" pana maji au mbao imeoza. Na simama nyuma uning'inie kwenye mashine kwa uzito wako, ukiona ukuta wa tezi unacheza au nyufa za rangi zinafunguka, usiende spidi na hiyo boti mpaka irekebishwe. Hapa sitanii.

Chini ya boti naangalia nini hasa?

Mita moja na nusu mpaka mbili za mwisho nyuma. Boti ikishapanda juu ya maji huko ndiko inakokalia, mbele kote kuko hewani, kwa hiyo hata ukiwa na mkwaruzo mbele sio kesi.

Tafuta bomba la mraba la alumini lililonyooka la mita mbili. Lilaze chini ya boti kwa urefu, sambamba na mkuku (ule mstari wa katikati chini), nusu ya kulia halafu nusu ya kushoto, mtu mwingine amulike tochi upande wa pili. Mwanga ukipenya katikati na ncha zinagusa, chini pamebonyea kwenda juu. Boti ya hivyo inasukuma omo chini, inarusha maji sana, ukitoa trimu nje haisikii. Mwanga ukipenya nchani kule kwenye tezi na katikati panagusa, chini pametokeza tumbo, na hilo tumbo ndilo linafanya boti iruke kama pomboo hata ukipakia mawe mbele. Milimita tatu nne tu zinatosha kuisumbua boti ya spidi, usizidharau.

Hapa kwetu chini ya boti panapinda kwa sababu mbili. Moja, trela ambayo mbao zake haziishii kwenye tezi, mashine inaning'inia nje na faiba inajipinda taratibu miaka na miaka. Pili, boti inaachwa ufukweni maji yanapwa, inakalia gogo moja au jiwe lilelile kila siku. Kwenye bamvua maji yanashuka mpaka mita nne huku Unguja, boti inakaa nchi kavu masaa kadhaa na mashine yake mgongoni. Tafuta mchanga laini au uiache kwenye boya.

Na usafi! Majani na vile viganda vigumu vinavyoota chini. Boti ya wiki tatu majini bila kupakwa rangi ya kuzuia sio boti ileile. Vyombo vya mbao vilikuwa na deheni ya kupaka chini, faiba nayo inataka rangi yake.

Nikifika spidi kubwa boti inalewa, inagonga kulia inagonga kushoto, inazidi na kuzidi. Hii imenitisha.

Ina haki ya kukutisha, watu wamerushwa nje kwa hii. Sikiliza kinachotokea. Boti ambayo chini yake ina umbo la V ya kina, mwinamo wa digrii 20 mpaka 24, ikienda kasi inanyanyuka mpaka inabaki inakimbilia kipande kidogo cha mkuku kule nyuma, ni kama kusimama juu ya mgongo wa kisu. Propela ya kawaida inazunguka kulia, kwa hiyo inaisukuma boti iegemee kushoto. Boti inaegemea, ubavu wa kushoto unagonga maji, maji yanaurudisha, boti inapitiliza upande wa kulia, inagonga, inarudi. Wewe unazungusha usukani kuisahihisha lakini umechelewa nusu sekunde, kwa hiyo unaisukuma wakati inarudi yenyewe. Hapo ndipo inazidi.

(Hiyo V ya kina tunayoilaumu ndiyo iliyofanya boti ndogo ziweze kukimbia kwenye mawimbi. Ray Hunt wa Marekani ndiye aliyeichora, na mwaka 1960 boti ya Moppie ya Dick Bertram ikashinda mashindano ya Miami mpaka Nassau kwenye bahari chafu kweli kweli. Kwa hiyo heshima yake ipo, ila ina bei yake.)

Ikianza, usikate mafuta ghafla. Ukikata ghafla omo inaanguka ikiwa boti imeinama, inachimba na kugeuka na wewe unaendelea mbele bila boti. Punguza taratibu na urudishe trimu ndani kidogo, itakaa.

Kuitibu: anza na usukani. Boti ikiwa nchi kavu mtu mmoja ashike usukani usisogee, wewe shika pezi la chini la mashine ulitikise kulia kushoto. Likicheza zaidi ya upana wa kidole kabla usukani haujasikia, umepata mgonjwa. Kama ni wa kebo, kebo imechoka au nati za kuungia zimelegea. Kama ni wa haidroliki na unahisi laini kama unakanyaga godoro, kuna hewa, jaza oili na uitoe hewa mpaka usukani uwe mgumu wa moja kwa moja. Boti yenye HP 150 kwenda juu yenye kebo moja ya zamani mimi siipeleki spidi ya mwisho, nitakudanganya nini.

Baada ya usukani, sawazisha uzito kulia na kushoto. Nahodha kukaa kulia kunasaidia kupingana na ule mvuto wa propela, ni moja ya sababu viti vingi vya boti ndogo za spidi viko kulia, sasa wewe umeweka betri, tangi la maji na shemeji yako wote kushoto. Kisha shusha mashine tundu moja. Kisha jaribu propela ya mapanga manne, inashika maji vizuri na inanyanyua nyuma, unapoteza spidi kidogo ya mwisho. Kinachobaki baada ya hapo ni mkono wa dereva, na huo unakuja kwa mazoezi, usukani unauhamisha kidogo sana na mapema.

Angalizo: hii tabia kwa boti nyingi inaanza zikipita kilomita 90 au 100 kwa saa. Ikiwa yako inayumba hivyo kwenye 50, sio hii, rudi kwenye maji ya ndani na chini ya boti.

Usukani unavuta kulia muda wote, mkono unauma.

Chini ya lile bamba bapa lililo juu ya propela kuna kipezi kidogo kimefungwa kwa bolti moja, kwenye mashine nyingi ndicho pia kile chuma kinacholiwa na chumvi badala ya mashine. Kazi yake ni kuondoa huo mvuto. Boti ikivuta kulia, legeza bolti, sogeza nyuma ya kipezi kwenda kulia kidogo, kaza, jaribu. Ikivuta kushoto, kushoto. Watu wanadhani ni kinyume, sio kinyume.

Kama kimeliwa kimebaki kama biskuti iliyong'atwa, weka kipya. Na kama mashine umeipandisha sana, kipezi kinakuwa nje ya maji ukiwa na spidi, kwa hiyo utakigeuza mpaka kesho hakuna kitakachobadilika. Angalia pia pezi kubwa la chini kabisa. Nusu ya mashine ninazoziona huku zimelisaga kwenye mchanga na miamba, boti ikikosa hilo pezi hainyooki na kona haishiki.

Nikikata kona mashine inapiga kelele, mizunguko inapanda, spidi inakufa. Propela imekufa?

Inavuta hewa. Propela badala ya kukata maji inakata mchanganyiko wa maji na hewa au moshi wake wenyewe, inakosa cha kushika. Wengi wanachanganya hili na kile kitendo cha maji kuchemka kwenye mapanga kwa sababu ya kukosa shinikizo, kile kinaacha vidoadoa vya kuliwa kwenye chuma na ni habari nyingine.

Sababu: mashine iko juu mno, trimu iko nje mno ukiwa kwenye kona (irudishe ndani kabla hujakata, sio katikati ya kona), au kuna kitu mbele ya propela kinachochafua maji, transdyusa, bomba, kipande cha faiba kinachoning'inia. Halafu kuna hii ambayo watu hawaijui. Propela nzuri ya spidi ina ukingo wa nyuma wa kila panga uliokunjwa kidogo, mkunjo mdogo tu, pitisha kidole utausikia. Ule mkunjo ndio unaofanya ishike maji hata ikiwa karibu na uso wa maji. Sasa wewe kila siku unatoka ufukweni maji yamepwa unakoroga mchanga, mchanga unaulamba, baada ya msimu mmoja mkunjo haupo. Propela inang'aa, haijapinda, ukiitazama ni nzima, ila kona haishiki. Fundi wa propela anaweza kuurudisha, itashusha mizunguko kidogo, hiyo ni kawaida.

Mashine ifungwe juu kiasi gani?

Pa kuanzia: lile bamba bapa liwe usawa mmoja na chini ya boti pale kwenye mkuku, au juu yake kwa milimita 25 hivi. Laza mti ulionyooka chini ya boti uutokeze nyuma, utaona bamba liko wapi. Tundu za bolti kwenye mashine nyingi zimepishana milimita 19, kwa hiyo unapanda au kushuka tundu moja, unajaribu, unaandika.

Juu zaidi unapata spidi kwa sababu chuma kidogo kinaburuzwa majini, ila unapoteza kushika kona, na maji ya kupoza yanaweza yasifike. Kwa hiyo kila ukipandisha tazama kama mashine inakojoa vizuri (yale maji ya kupoza yanayotoka pembeni yake), na kama una geji ya shinikizo la maji iangalie kwenye spidi ya mwisho. Mkojo ukikatika, shusha, usibishane nao.

Kabla ya yote hayo hakikisha mguu wa mashine unalingana na tezi. Kuna inchi 15, 20 na 25, na mashine za mtumba zinafungwa popote. Mguu wa 25 kwenye tezi ya 20 unaburuza chuma chini, maji yanaruka juu kama chemchemi na usukani unakuwa mzito. Mtu ananiambia boti imeharibika kumbe imevaa kiatu cha kaka yake.

Pichi ipi ya propela inanifaa?

Siwezi kukujibu bila namba mbili: mizunguko kwa dakika ukiwa mafuta yote, na spidi ya GPS, boti ikiwa na mzigo wako wa kawaida. Kitabu cha mashine kinakwambia inapaswa ifike wapi, stroki nne nyingi kubwa ni kati ya 5000 na 6000. Ukiishia 4700 pichi ni kubwa au boti ni nzito. Ukipita 6000 pichi ni ndogo au inateleza. Inchi moja ya pichi inabadilisha mizunguko kama 150 mpaka 200.

Kujua inateleza kiasi gani fanya hivi: mizunguko mara pichi, gawa kwa uwiano wa gia, kisha mara 0.00152, unapata kilomita kwa saa ambazo propela ingeenda kama maji yangekuwa siagi ngumu. Mfano mizunguko 5500, pichi 19, gia 1.86, inakuja kama 85. GPS ikisoma 73 umepoteza asilimia 14, hiyo ni nzuri kwa boti ya kawaida, kati ya 10 na 20 sina wasiwasi. Ikisoma 60 umepoteza karibu asilimia 30, hapo usinunue pichi nyingine, tafuta kwanza kwa nini inateleza: uzito, uchafu, kimo cha mashine, au mapanga yaliyopinda.

Pima kwenda na kurudi halafu chukua wastani. Mkondo wa pwani yetu unaenda kaskazini mwaka mzima na wakati wa upepo wa kusi unakaza, ukipima upande mmoja tu utajisifu bure au utalia bure.

Mapanga yakoje utajua hivi: toa ufunguo wa mashine, weka gia huru, funga kijiti kwenye bamba kiguse ncha ya panga moja, zungusha propela kwa mkono. Kila panga liguse palepale. Zile za alumini zilizochomelewa mara tatu huwa kila panga lina pichi yake.

Mizunguko inapanda lakini boti haiendi, hata nikiwa mstari ulionyooka?

Bushi ya mpira ndani ya propela imechoka. Chora mstari kwa rangi kutoka kitovu cha ndani mpaka kwenye mwili wa propela, endesha, rudi uangalie. Mistari ikipishana, ndiyo hiyo. Rudi nyumbani polepole.

Nikiwa na mawimbi yanatoka nyuma, omo inachimba na boti inageuka yenyewe bila mimi kuizungusha.

Trimu imeingia ndani sana au mzigo uko mbele sana. Omo ikiwa ndani ya maji inageuka kuwa usukani wa pili, uko mbele na una nguvu kuliko wako, nyuma inataka kuipita mbele. Unapoona unateremka mgongo wa wimbi, toa trimu nje kidogo kabla, omo iwe nyepesi, na usiende kasi kuliko wimbi mpaka uchome lile la mbele. Wanaorudi na kusi mgongoni wanalijua hili vizuri, na wasiolijua wanajifunza siku moja tu. Kama unatumia flapsi za kushushia omo, zinyanyue zote mbili kabisa ukiwa na mawimbi ya nyuma.

Boti imeegemea upande mmoja tu, siku zote uleule.

Ikiegemea imesimama ni uzito au maji ya ndani. Ikiegemea ikikimbia tu ni propela, flapsi moja iliyokwama chini, au chini ya boti pamepinda upande mmoja. Upepo wa ubavuni pia, boti ya V ya kina huwa inainamia kule upepo unakotoka dereva akipingana nao, geuza uelekeo uone kama inabadilika kabla hujaanza kufungua kitu.

Nina mashine mbili.

Moja izunguke kulia nyingine kushoto, zikizunguka upande mmoja mvuto unajumlishana. Pima umbali kati ya vitovu vya propela na ulinganishe na umbali kati ya mashine kule mbele, anzia sambamba, rekebisha kwa fimbo inayoziunganisha. Mengine yote ni yaleyale mara mbili, na bili pia.

Nimeona video boti inaruka juu inageuka kwa nyuma. Yangu inaweza?

Zile mara nyingi ni za mashindano, zenye handaki katikati na mbavu mbili, kama za F1H2O, mashindano ya dunia ya boti za spidi yaliyoanza 1981 na hata Sharjah kule Falme za Kiarabu yamefika. Zinapita kilomita 200 kwa saa na hewa inayoingia chini ndiyo inayozibeba, omo ikinyanyuka kidogo kuliko inavyotakiwa, hewa inamaliza kazi. Ya kwako ya V ni ngumu kufika huko. Ila boti nyepesi, mtu mmoja ndani, tangi tupu, trimu nje kabisa, upepo wa mbele na wimbi moja la kuruka, inasimama wima, hiyo nimeiona kwa macho yangu. Ukihisi usukani umekuwa mwepesi ghafla kama haujaunganishwa na kitu, omo iko juu sana, trimu ndani.

Jaribio lenyewe nilifanye wapi na vipi?

Asubuhi kabla upepo haujaamka, mahali ambapo hakuna wavuvi wala waogeleaji, maji yakiwa yamejaa. Watu wawili, mmoja anaendesha mmoja anaandika. Makoti ya kuokolea yavaliwe, yakiwa chini ya kiti hayakusaidii kitu. Panda spidi kwa hatua, kila hatua andika mizunguko, spidi, trimu iko wapi, na boti inafanya nini.

Na ile kamba nyekundu ya kuzimia mashine ifungwe mguuni au kwenye koti. Ukitoka ndani ya boti mashine ikaendelea, usukani unajigeuza wenyewe na boti inarudi kwa mduara pale ulipo na propela yake. Marekani tangu tarehe 1 Aprili 2021 ni sheria kwa boti zisizofika futi 26. Sisi tunaifunga kwenye usukani ili isipotee.

Naweza kukutumia voisi unisaidie bila kuja?

Unaweza, ila usinitumie sauti ya mashine peke yake. Nitumie picha ya tezi kutoka nyuma boti ikiwa nchi kavu, picha ya propela kwa pembeni ukingo wake uonekane, ile karatasi uliyoandika, na video fupi ya mtu aliyeko boti nyingine akikurekodi kwa ubavu. Na uniambie nani alikuwa amekaa wapi, na kila mmoja ana kilo ngapi, bila kuoneana haya.